Leso Katikati ya Kamba

Kamba mpya ya mkonge iliyolowekwa maji ina harufu yake, na mpaka leo sijapata kitu kingine kinachonuka hivyo. Ni harufu ya majani mabichi yaliyoanza kuoza kidogo, ikachanganyika na udongo na kitu kikali kinachopanda puani ukikaa nayo karibu. Kwa wiki tatu nzima kamba ya namna hiyo ililala ndani ya pipa nyuma ya nyumba yetu ili ilainike isije ikachuna watu mikono, na kila nilipokwenda jikoni nilipitia pale makusudi nikainama kuinusa. Nilikuwa darasa la nne. Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati, na kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kimekausha kila kitu isipokuwa midomo ya watu wa kijiji chetu. Kamba ilikuwa mali ya Klabu ya Jirani, klabu ndogo ya watu wa kujitolea pale Rongo, mji wetu wa soko, na baba yangu ndiye aliyepewa kuitunza, kwanza kwa sababu alikuwa mwanachama, na pili kwa sababu, kama alivyosema mama, hakuwahi kufundishwa kusema hapana.

Klabu yenyewe ilikuwa na watu kumi na mmoja tu. Kulikuwa na walimu, fundi cherehani, Bwana Mwita mwenye duka la mbegu na mbolea aliyekuja kwetu kutoka Ukuriani, baba yangu mwenye kinu cha kusaga mahindi, na mwenyekiti wao, Mama Dorsila, muuguzi wa zahanati mwenye sauti ya kumwinua kitandani mgonjwa aliyekwisha kata tamaa. Walikutana kila Alhamisi katika chumba cha nyuma cha hoteli moja, wakala mandazi, wakabishana hadi jasho likawatoka, kisha wakaondoka na kazi ya kufanya. Walichagua Alhamisi kwa sababu Jumamosi nusu yao walikuwa kanisani, wale Wasabato, na Jumapili nusu nyingine walikuwa kwenye misa, na siku ya soko hakuna mtu wa Rongo mwenye masikio. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wamefyeka nyasi za zahanati kwa mikono yao, wakapaka chokaa vyoo vya soko, wakamjengea mjane mmoja nyumba ya mabati ambayo mlango wake, kwa haraka ya kujitolea, ulifungukia upande usiofaa. Mjane aliushukuru mlango huo vivyo hivyo na akautumia miaka mingi.

Kiangazi kile walikuwa wameamua kuchimba kisima na kukiwekea pampu ya mkono. Kisima kilikuwa kimoja, na vijiji vilivyokililia vilikuwa viwili: Got, yaani mlimani, kwetu, na Thim, yaani msituni, alikozaliwa mama yangu, ingawa msitu wenyewe ulikuwa umeliwa na majiko ya kuni kabla mimi sijazaliwa. Katikati ya vijiji hivi palikuwa na shule yetu na uwanja wake wa mpira. Maji tulichota mtoni, na katika nyumba yetu mchotaji alikuwa mimi. Niliamka jogoo akiwa bado anajinyoosha, nikasokota ngata ya majani makavu ya migomba, nikachukua mtungi wa lita kumi na kuteremka mwendo wa karibu saa nzima. Kurudi kulichukua zaidi, kwa sababu maji yana uzito na kilima kile kina roho mbaya. Nilichelewa shule karibu kila wiki, na kuchelewa kulikuwa na kiboko chake. Basi usiniulize kama nilitaka kisima kichimbwe Got. Nilikitaka kuliko gauni la Krismasi.

Mama Dorsila aliita mkutano pale uwanjani, akasimama juu ya kiti cha mwalimu mkuu. “Nikipeleka kisima Got, Thim watasema nimekula kuku wa Got,” alisema. “Nikipeleka Thim, Got watasema vilevile, na kuku wenyewe sijawaona. Kwa hiyo mtavuta kamba. Kila kijiji kilete watu kumi, wanaume watano na wanawake watano. Watakaowavuta wenzao wavuke mstari, kisima ni chao, na wao ndio watakaosema kichimbwe wapi. Mwaka ujao Mungu akitujalia, tutatafuta cha pili.” Mzee mmoja wa Thim akauliza kwa mshangao tangu lini wanawake wakavuta kamba mbele ya watu. “Na maji ya kwako huletwa na nani, baba?” Mama Dorsila alimjibu. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mzee naye akacheka.

Wiki tatu zilizofuata ndizo ninazoziota hadi leo. Pampu ilihitaji fedha, na fedha zilitakiwa zitoke kwetu wenyewe, kwa hiyo klabu ikawatuma watoto wa vijiji vyote viwili wapite nyumba kwa nyumba wakiomba mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kimbo ambao kwetu ndio mizani ya kila kitu. Tulitembea tukiimba nyimbo za kutunga wenyewe, zile za kumsifu anayetoa na kumtania anayejificha nyuma ya nyumba. Walimu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na nikaiona methali hiyo ikitembea kwa miguu yake, kwa sababu tajiri mmoja mwenye lori alitupa gorogoro moja iliyopungua, na yule mjane wa mlango mbaya akatupa gorogoro nzima na yai juu yake. Yai hilo nililibeba mimi kwa mikono miwili mpaka shuleni na sikumruhusu mtu yeyote aliguse. Mahindi yote yalipelekwa kwenye kinu cha baba, akayasaga bila malipo, na unga ukauzwa barabarani kwa wasafiri. Baba alirudi nyumbani kila jioni akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Alijisugua kwa sabuni, lakini mikononi unga haukumtoka kamwe; ulikuwa umeingia kwenye mistari ya viganja ukakaa kama mwenyeji.

Sasa lazima nikueleze habari za Dani, la sivyo hutaelewa kilichotokea. Dani ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake mama, aliyekaa Thim. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, Mkatoliki wa rozari shingoni, na kazi yake ilikuwa kusokota kamba za mkonge na kuziuza soko la Oyugis. Kamba iliyolala ndani ya pipa letu aliisokota yeye. Na kwetu Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake wana heshima yao: hawapeani mkono, hawali wakitazamana, hawakai karibu wala hawagusani, na mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe hata mvua ikinyesha mawe. Wengi waliruhusu angalau maneno yapite. Dani alikuwa wa kale zaidi ya wengi. Kwake yeye, kama kuna mtoto wa kulibeba neno, kwa nini neno liende lenyewe? Na mtoto huyo alikuwa mimi.

Alipokuja kututembelea, Dani alikaa kwenye kivuli cha ghala akiutazama ua, baba akakaa kando ya nyumba akilitazama jiko, hatua kama kumi na tano kati yao, na mimi nikakimbia huku na huko. “Akeyo, mwambie baba yako mahindi yangu yameingia fukusi.” Baba alikuwa amesikia, kuku walikuwa wamesikia, lakini nilikimbia nikamwambia. “Mwambie Mama nitamtafutia dawa kwa Bwana Mwita.” Nikakimbia tena. Nilikuwa simu kabla simu hazijafika Got. Kazi hiyo niliipenda kupita kiasi, maana wakati mwingine niliongeza chumvi. Dani akisema, “Mwambie asante,” mimi nilifikisha, “Dani anasema asante, na anasema mtoto wako anastahili mandazi.” Baba alikuwa akitabasamu akiutazama ukuta wa jiko, na mandazi nikapata.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, baada ya misa. Uwanja ulijaa tangu saa sita. Kina mama wa klabu waliuza nyoyo, yale mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe, na samaki wa kukaanga, fundi cherehani alikuwa ameshona vitambaa vya kichwani, vyekundu vya Got na vya kijani vya Thim, na kila mvutaji alikuwa amelipia nafasi yake kwenye kamba. Mimi nilikuwa nimefunga kitambaa chekundu hadi macho yakanivutika. Baba hakuwa kwenye orodha ya wavutaji; yeye ni mfupi na hakujidai. Lakini mwanamume wetu wa tano aliamka na homa, na saa nane kasoro watu wakatumwa mbio kwenye kinu, ambacho Jumapili kilikuwa wazi kwa kuwa baba ni Msabato. Walimkuta akichekecha unga. Hawakumpa hata nafasi ya kunawa. Alifika uwanjani anahema, mweupe kama mtu aliyetoka kaburini, na watu wa Got wakampigia vigelegele.

Kupanga wavutaji ilikuwa kazi ya Bwana Mwita, katibu wa klabu. Aliwapanga kama wanafunzi kwenye gwaride, wafupi mbele na warefu nyuma. Kwa upande wetu mfupi kuliko wote alikuwa baba. Kwa upande wa Thim, ambao kiongozi wao alikuwa msokota kamba mwenyewe, mfupi kuliko wote alikuwa Dani. Baba aliinama akaishika kamba, akainua uso, na hatua nne mbele yake akamwona mama mkwe wake ameishika kamba hiyohiyo, gauni limefungwa juu ya magoti tayari kwa vita. Wote wawili waliiachia kwa pamoja kama imeshika moto. Baba akageuka akautazama mlingoti wa goli. Dani akajifunika uso kwa kitambaa cha kijani.

Kicheko kilichopanda pale kilisikika nadhani mpaka Migori. Bwana Mwita alisimama na filimbi yake mdomoni asielewe. “Ni nini? Kuna nyoka?” aliuliza. Alipoelezwa akajipiga paji la uso. “Aa, hata kwetu! Hata kwetu ningepigwa faini ya ng'ombe! Basi wewe baba, rudi nyuma, huyu wa pili aje mbele.” Wa pili alikuwa baba mdogo, na ndugu wa mume naye ni mkwe. Wa tatu alikuwa amemwoa binti wa mama aliyesimama nyuma ya Dani. Wa nne alikuwa amemposa mpwa wa mama huyohuyo. Ndipo watu wakaanza kuhesabu kwa vidole na kugundua kile ambacho klabu nzima, pamoja na Alhamisi zao na mandazi yao, haikukifikiria: Got na Thim walikuwa wakioana tangu enzi za mababu, na kuvutanisha vijiji hivyo viwili kwa kamba ni kuvutanisha wakwe.

Ubishi ukaanza, na ulikuwa mtamu kuliko mashindano. Wengine walisema kushika kamba si kushika mkono, kamba ni kamba. Wengine wakasema kamba ni mkono mrefu tu. Kisha yule mzee wa Thim aliyenyamazishwa kwenye mkutano akapata nafasi yake. “Na kamba hii,” alisema polepole, akionja kila neno, “husokotwa juu ya nini? Si husokotwa juu ya paja? Sasa mkwe ashike kitu kilichotoka pajani mwa mama mkwe?” Wanawake wakapiga makofi kwa kicheko, na baba akauinamia udongo kama anayetafuta shimo la kuingia. Sauti ya Dani ikatoka chini ya kitambaa. “Ya pajani ni kamba ya mbuzi! Kamba nene hivi husokotwa na watu watatu wakiwa wamesimama. Mwambieni huyo mzee arudi shule!”

Mama Dorsila alikuwa amekaa juu ya kiti chake akifuta machozi ya kucheka, lakini mimi sikuwa nikicheka tena. Niliona watu wakianza kuokota vikapu vyao. Nilisikia mwalimu mmoja akisema labda jambo lote liahirishwe mpaka klabu ifikirie njia nyingine, na kuahirisha, kwa mtoto mwenye mtungi, maana yake ni kilima kile kile kesho, na kesho kutwa, na kiboko. Nikakimbilia kwa Dani, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoizoea. “Dani, niambie neno nimpelekee baba,” nilimwambia. Aliniangalia kutoka chini ya kitambaa, kisha akasema, “Mwambie baba yako, kama hanioni, basi hanivuti mimi. Anavuta Thim.” Nikakimbia kwa baba. Baba akafikiri, akaujibu mlingoti wa goli: “Mwambie Mama ni sawa, ila macho sina pa kuyaficha.” Sikurudi kwa Dani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, nikamvua leso mabegani bila kuomba ruhusa, nikaikimbiza mpaka katikati ya uwanja, nikaiinua juu kwa mikono miwili pale penye mstari wa chokaa. Mikono yangu ilikuwa mifupi, leso ikaburura chini. Halafu Mama Dorsila akashuka kitini, akashika pembe moja, akamwita fundi cherehani ashike nyingine, wakaiinua leso juu ya kamba, rangi yake ya machungwa ikiwaka juani, na maandishi yake yakasomeka pande zote: mgeni njoo mwenyeji apone.

Leso ilificha watu kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini yake ilionekana miguu tu. Mimi nililala kifudifudi kando ya mstari, kidevu kwenye nyasi kavu, nikaona vizuri kuliko mtu mwingine yeyote: upande huu viatu vya baba vya unga, upande ule nyayo pekupeku za Dani zilizopasuka kisiginoni, na kidole gumba chenye kucha nyeusi kilichojichimbia ardhini. Filimbi ikalia. Kamba ikakazika mpaka ikatoa maji, na ile harufu yangu ya pipani ikanijia usoni. Mwanzoni hakuna aliyesogea. Kisha Thim wakapata hatua moja, na nikauma nyasi. Got tukairudisha, tukaongeza ya pili. Watu walikuwa wakipiga kelele ambazo sikuzisikia tena. Nyayo za Dani zikaanza kuteleza kuja mstarini, kidogo kidogo, zikichora mifereji miwili vumbini, mpaka kile kidole cheusi kikagusa chokaa. Nusu hatua tu ilikuwa imebaki. Nusu hatua, na nisingebeba tena mtungi. Niliwaza tayari jinsi nitakavyolala hadi jua litoke.

Na hapo baba akaachia. Niliona viatu vyake vikiruka pembeni. Wale tisa waliokuwa nyuma yake walivutwa mbele wakaanguka mmoja juu ya mwingine, leso ikawatoka waliokuwa wameishika ikamfunika baba kichwani, na kamba ikapita kwenda Thim ikifuata watu kumi walioketi chini kwa matako wakicheka na kulia kwa pamoja. Bwana Mwita akainua mkono upande wa kijani. Tulikuwa tumeshindwa. Watu walianza kusema vizuri: kwamba heshima si utumwa, kwamba mkwe yule ni mtu, kwamba angevuta nusu hatua zaidi mama mkwe angemwangukia kifuani mbele ya vijiji viwili na aibu hiyo isingeoshwa na kisima chochote. Hata wa Got waliokuwa wakijifuta vumbi walitikisa kichwa wakakubali. Bwana Mwita akaniinamia akaniambia asiyekubali kushindwa si mshindani, na nilitamani kumng'ata. Nililia kwa hasira. Nilimchukia baba siku ile kwa moyo wangu wote wa darasa la nne, kwa sababu heshima ilikuwa yake na mtungi ulikuwa wangu.

“Akeyo!” Dani aliniita. Nilikwenda nikivuta kamasi. “Baba yako ameumia?” Nikamwambia hajaumia, na kwamba ingekuwa vizuri kama angeumia kidogo. Dani akanishika kidevu, akayatazama macho yangu mekundu, akautazama uwanja, akainuka kwa kushika bega langu. “Mwenyekiti,” alisema kwa sauti ya sokoni, “Thim tumeshinda?” Mama Dorsila akasema wameshinda. “Na mshindi ndiye anayesema kisima kichimbwe wapi?” Mama Dorsila akasema ndivyo walivyopatana. Dani akatembea mpaka kwenye chokaa, akaweka mguu wake pale pale kidole chake kilipokuwa kimefika. “Basi kichimbwe hapa.”

Wanaume wa Thim wakaruka juu. Walisema hapa si Thim, hapa ni shule, hapa ni nusu Got! “Hapa ndipo mguu wangu ulipofika,” Dani aliwajibu. “Angevuta kidogo tu, ningekuwa nimelala Got, na nyinyi mngekuwa mnakunywa mto. Maji ya kuachiwa mtayanywa peke yenu kwa koo gani? Na huyu,” akanisukuma mbele, “huyu ni damu ya Thim, na kila asubuhi anapanda kile kilima.” Wanaume walinung'unika, lakini wanawake wa Thim, wale wenye ngata zao nyumbani, walipima kwa macho umbali kutoka pale hadi vijijini mwao, wakaona si mbali kuliko muda wa uji kuchemka, na mmoja wao akapiga kigelegele. Kigelegele kikipigwa, kwetu, mjadala umefungwa. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amepata kisima shuleni bila kuvuta hata uzi, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Tulikichimba kwa miezi miwili, nasema tulikichimba kwa kuwa mchanga uliotolewa tuliubeba sisi watoto kwa beseni. Jumamosi walichimba Wakatoliki, Jumapili wakachimba Wasabato, kwa hiyo kisima hakikupumzika wala hakuna aliyevunja siku yake. Dani alileta uji Jumamosi, baba alishika sururu Jumapili, na hawakukutana hata mara moja. Maji yenyewe yalizua ubishi usioisha: Jumamosi jioni Wakatoliki waliacha tope lenye unyevu, na Jumapili asubuhi Wasabato wakakuta maji ya kufika kifundoni. Kila upande ulimshukuru Mungu kwa kuwapa wao. Asubuhi ya kwanza ya pampu nilifika shule kabla ya kengele, maji yakiwa tayari nyumbani, nikakaa kwenye ngazi ya darasa nikiwa sina la kufanya. Sijawahi kufurahia kukosa kazi namna ile. Baba alipita akielekea kwenye kinu, akanipungia mkono wenye unga, nami nikampungia. Hasira iliniisha pale.

Leo ninaishi Migori mjini, na maji yanatoka ukutani jikoni kwangu. Wanangu huyaacha yakimwagika wakitafuta mswaki, nami nawagombeza kwa hasira wanayoiona haina maana. Michango bado ipo, tena mingi kuliko zamani. Inakuja kwenye simu pamoja na picha na namba, unabonyeza, unapokea asante iliyoandikwa na mashine, na hakuna aliyekuona wala uliyemwona. Nabonyeza pia, sijidai. Lakini sijawahi kusikia harufu yoyote katika mchango wa namna hiyo. Mama Dorsila alishafariki, klabu ilibaki na watu watatu kisha ikabaki na stori, na pampu imebadilishwa mkono mara nyingi hadi nashangaa kama bado ni ileile. Inatoa maji, hata hivyo. Na Dani yupo, mzee sana, haoni vizuri lakini sauti yake ya sokoni haijapungua.

Kuna jambo moja simu imelifanya, na kwa hilo naisamehe mengine yote. Katika simu hakuna kutazamana, hakuna kugusana, hakuna hatua kumi na tano za kuhesabu. Dani alipofundishwa kuitumia alilifikiria jambo hilo kwa siku mbili, kisha akampigia baba. Tangu hapo wanaongea kila Jumapili, habari za mahindi, za magoti, za waliokufa, na mimi nikapoteza kazi. Desemba iliyopita nilikuwa Thim nimekaa karibu naye, simu imewekwa sauti ya juu, nikasikia akisema, “Baba Akeyo, kuna neno nimelitunza miaka mingi nisimpate mtoto wa kulibeba. Ile siku ya kamba. Asante.”

Upande wa pili baba akakohoa. “Mama,” alisema, “nimezeeka, sitaki kufa na uongo. Sikuachia. Nilikuwa nimetoka kwenye kinu bila kunawa. Mikono ilikuwa na unga, kamba ikaniponyoka.”

Nilishika mdomo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewasimulia watu, wanangu wakiwemo, habari za mkwe aliyeacha maji kwa ajili ya heshima! Midomo ya Dani ikaanza kucheza. Halafu mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka rozari ikaruka kifuani, na baba akaanza kucheka kule Got, kicheko cha wazee wawili kikajaza chumba. Alipopata pumzi, simu ikiwa bado mkononi mwake na baba akisikia kila kitu, alinigeukia kama zamani.

“Akeyo, mwambie baba yako neno hilo lisitoke nje. Thim nzima tunaozesha mabinti kwa hadithi ile.”

“Baba,” nilisema, “Dani anasema neno hilo lisitoke nje. Na anasema mtoto wako anastahili mandazi.”